Msimfungie ndani mlevi "akauke": mambo ya wodini ambayo ndugu wanatulalamikia

Tunaelekea tarehe 10 Septemba, siku ya dunia ya kuzuia kujiua, na nimeombwa niandike kuhusu wagonjwa wetu wa afya ya akili ambao wana ulevi au madawa na hapohapo wanajidhuru. Nimekubali haraka kwa sababu malalamiko ya ndugu kwetu manesi yamekuwa mengi, mengine ni ya haki kabisa, mengine jamani hapana.

La kwanza ndo linaloniuma zaidi. Mtu amekunywa gongo na wanzuki kila siku kwa miaka, familia imechoka, baba anaamua kumfungia chumbani huko Sikonge au Uyui, mkoani Tabora, siku tatu nne "akauke", mlango unafunguliwa kumpa uji tu. Nia ni nzuri, ila mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unavurugika. Ndani ya saa 6 mpaka 24 anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, moyo unakimbia, usingizi hakuna. Degedege inaweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo, halafu kuanzia siku ya pili mpaka ya nne anaanza kuona vitu ambavyo havipo, na hapo ndo mnasema karogwa mnamtoa chumbani mnampeleka kwa mganga.

Nimekaa na mmoja saa nane usiku, kikombe cha uji kinamgonga meno mpaka uji unamwagikia kifuani, mkono mwingine anaokota siafu kwenye shuka, mmoja mmoja, anataka nimshikie. Siafu hawakuwepo. Sikubishana naye na sikujifanya nawaona, nilimwambia mimi siwaoni kaka yangu lakini naona unaogopa, nipo hapa siondoki. Hali hiyo inaua, na inatibika kwa diazepamu inayopunguzwa kidogokidogo huku tunapima presha, mapigo na joto kila baada ya saa chache. Na tafadhali msitugombeze "mbona hamumwekei dripu la glukosi". Mlevi wa muda mrefu huwa kaishiwa vitamini B1, ukimjaza sukari kabla hajapata hiyo vitamini unaweza kumharibu ubongo. Tunajua tunachofanya.

Unga, yaani heroini, ni habari nyingine. Arosto, yaani mateso ya mwili ukiacha unga, inatesa kweli lakini mara nyingi haiui kama ya pombe, hatari kubwa ni pale ameacha wiki kadhaa halafu anarudia kipimo kilekile cha zamani, mwili haukibebi tena, pumzi inakata. Methadoni, ile inayotolewa kwenye vituo kama Itega kule Dodoma, ni ya waliozoea heroini na jamii yake, mgonjwa anainywa mbele ya mhudumu kila siku. Haiponyi gongo wala bangi, kwa hiyo msiiombe kwa kila mtu.

Sasa upekuzi. Mgonjwa aliyejikata au aliyejaribu kujinyonga akilazwa tunampekua, wahudumu wawili, wa jinsia yake, nyuma ya pazia. Tunachukua mkanda, kamba za viatu, wembe, chaja ya simu, kanga na mitandio, dawa zozote. Kila kitu kinaandikwa kwenye daftari, wahudumu wote wawili wanasaini, ndugu anasaini, na siku ya kutoka mnahakiki tena mnasaini. Mama mmoja alilia kwamba tumemvua binti yake kanga kama mfungwa. Nilimwelewa, kanga kwetu ni heshima, nikamtafutia gauni refu la wodi. Ila kanga haikurudi. Na vyakula tunafungua, michembe tunaimwaga kwenye sahani, maji tunayanusa, maana gongo ikiwekwa kwenye chupa ya maji huwezi kuitofautisha kwa macho. Anayeingiza bangi wodini anavunja Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95, hapo si suala la nesi kukusamehe.

Usiku mnatuona tunawamulika wagonjwa, mnasema tunawanyima usingizi. Aliye kwenye hatari kubwa anakaa na mhudumu muda wote, hata chooni mlango haufungwi kwa ndani. Aliyepungua hatari anaangaliwa kila dakika 15 na muda unaandikwa. Na ndio, tunamuuliza waziwazi "unafikiria kujiua?". Swali hilo halimpi mtu wazo ambalo hana, wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu kauliza. Anayejikata si mwigizaji na hatafuti kiki, naomba hilo neno msiliseme mbele yake.

Kuhusu polisi. Ni kweli kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, na makosa ya daraja hilo adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 2 au faini au vyote. Lakini kuna familia za wakulima wa tumbaku zinamficha ndani mtu aliyekunywa dawa ya shamba kwa kuogopa kesi, wanamnywesha maziwa, wanamtapisha, saa zinakwenda. Msimtapishe. Mvueni nguo zilizoingia dawa, muosheni ngozi kwa sabuni na maji mengi huku nyie mmevaa glavu au mifuko ya plastiki, mleteni na kopo lake tuone ni dawa gani. Mtu mahututi tunaanza kumhudumia, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, itafuata nyuma. Na hayo makopo yakae kwenye sanduku lenye kufuli, funguo asiwe nazo yeye.

Akiruhusiwa tunampa vidonge vya siku chache tu, makusudi, hatumbanii. Anayevishika ni ndugu mmoja aliyechaguliwa, anampa kimoja kwa wakati na kuhakikisha kameza. Siku za kwanza baada ya kutoka wodini ni za hatari kuliko mnavyodhani, kwa hiyo asilale peke yake, tarehe ya kliniki isirukwe, na kama nauli ya kutoka Kaliua ni shida semeni mapema tuwaunganishe na afisa ustawi wa jamii kabla hamjaondoka.