Miniacha mpya ya Lahore ni nini?

Miniacha mpya ni uchoraji wa Pakistan unaotumia ufundi wa picha ndogo za vitabu vya makasri ya Wamughal (nasaba ya Kiislamu iliyotawala Bara Hindi) kuzungumzia siasa, dini, vita na nafasi ya mwanamke leo. Ulikulia Chuo cha Taifa cha Sanaa (NCA), Lahore. Kazi ya kuhitimu ya Shahzia Sikander, “The Scroll” (1989–90), hutajwa sana kama mwanzo wake.

Kumpachika mfalme wa Kimughal bunduki mkononi hakutoshi kuwa miniacha mpya. Bila ufundi wenyewe, hiyo ni katuni tu.

Ufundi huanzia kwenye wasli, yaani karatasi 3 au 4 zilizogandishwa pamoja kwa uji wa unga wa ngano uliotiwa mrututu (salfeti ya shaba) kidogo, ili wadudu wasiutafune. Hukandamizwa zikauke, kisha husuguliwa kwa kombe la baharini au jiwe la akiki mpaka uso uteleze. Uji ukiwa na madonge, au hewa ikinaswa katikati, wasli hufura na mstari hukatika hapo. Rangi huchanganywa na gundi ya mgunga: ikipungua, rangi hutoka kama vumbi, ikizidi, hupasuka.

Kazi ngumu hasa ni pardakht, vinukta na vistari vinavyowekwa kimoja kimoja kwa brashi ya manyoya ya mkia wa kindi hadi kivuli kitokee. Brashi ikiwa na maji mengi, kinukta hugeuka doa na kuibua rangi ya chini. Hapo hakuna cha kufuta.

Imran Qureshi, mchoraji aliyesoma NCA, ameutoa ufundi huo nje ya karatasi. Sharjah, Falme za Kiarabu, mwaka 2011, alimwaga rangi nyekundu kwenye ua wa jengo. Ukiwa mbali unaona damu tu. Ukiinama unakuta madoa yamechorwa petali baada ya petali, kwa mkono uleule wa bustani za Kimughal. Katika picha zake ndogo, mwanamume mwenye ndevu na kanzu huvaa soksi za mabaka ya kijeshi. Utani huo hauonekani mpaka usogeze uso karibu, na ndiyo maana udogo wa picha ni sehemu ya hoja.

Mwaka 2003 yeye na wenzake watano waliosoma NCA walifanya mradi wa Karkhana, jina la karakana za kifalme ambamo mafundi kadhaa waligawana picha moja. Wasli 12 zilizunguka kwa posta kati ya Lahore, Marekani na Melbourne, na kila aliyepokea alikuwa huru kuongeza lake au kufunika la mwenzake.