Msongo wa mtoto mchanga si mawazo ya mama

Homoni za msongo ni zile ambazo tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga katika damu pale mwili unapobanwa na jambo linalotishia uhai. Zinazotajwa zaidi ni adrenalini, noradrenalini na kotisoli. Maana yenyewe ni hiyo tu. Nimeshika kalamu kwa sababu nimemsikia tena shangazi akimwambia mzazi, ambaye mwanawe alichelewa kulia, kwamba homoni alizozitaja daktari zilipanda kwa kuwa yeye alikuwa na mawazo mengi katika ujauzito.

Msongo ni neno la kitenzi songa, yaani kubana na kukaza: tunasonga ugali kwa mwiko mpaka ushikane, tunasonga nywele, na anayekabwa koo husongwa roho. Msongo wa mawazo ni aina moja tu ya kubanwa, lakini kwa mazoea tumeliacha neno la kwanza pekee libebe maana ya yote mawili. Majina ya kigeni nayo hayana habari ya huzuni. Adrenali kwa Kilatini ni "karibu na figo", na kotisoli imetokana na neno lenye maana ya gome, kwa kuwa hutengenezwa katika tabaka la nje la tezi hiyo.

Kinachombana mtoto kinajulikana. Kila uchungu unapokaza mji wa mimba, damu ipitayo kwenye kondo hupungua kwa muda, oksijeni hupungua nayo, na tezi zake huitikia hata bila kungoja amri ya neva. Kwa kiasi hicho ni neema, kwani adrenalini husaidia maji ya mapafuni kufyonzwa na sukari kutoka katika ini. Oksijeni ikikosekana kwa muda mrefu, homoni hupanda mno, na damu huelekezwa kwenye moyo na ubongo huku ngozi na matumbo yakipunjwa.

Kisha kuna baridi, ambayo watu huisahau. Joto la mtoto likipimwa kwapani linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na aliyeachwa ndani ya khanga iliyolowa hushuka upesi. Kwa kawaida mtoto mchanga hatetemeki kama sisi. Noradrenalini huamuru mafuta ya kahawia yaliyo katikati ya mabega yaungue, na kuungua huko hula oksijeni. Aliyekwisha kuikosa hudaiwa asichonacho. (Kupoza hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, kunakofanywa katika hospitali zenye vifaa kwa baadhi ya watoto walioumia ubongo, ni tiba yenye uangalizi wa kila dakika na haihusiani na khanga mbichi.)

Kwa hiyo, shangazi, mtoto yule alisongwa na ukosefu wa oksijeni, na pengine na baridi pia. Mawazo ya mama yake ni ya kumuuliza yeye mwenyewe, kwa upole, wala hayasomwi katika damu ya mwanawe.