Kutoboa Mfupa wa Taya ili Meno Yapangike Haraka: Maelezo kwa Wakazi wa Kigoma

Tangu maadhimisho ya Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, ambayo kilele chake ni 20 Machi, chumba chetu cha meno hapa Kigoma kimekuwa kikipokea vijana na wazazi wanaoulizia vyuma vya kupangia meno pamoja na "kiupasuaji cha kuharakisha", yaani kutobolewa mfupa wa taya, wakiamini kwamba meno yatakuwa yamekaa sawa kabla ya harusi au mahafali. Tunalazimika kulisema wazi: tundu la mfupa halisogezi jino.

Kinachosogeza jino ni vyuma, kwa takribani milimita moja kwa mwezi, huku mfupa ukibomoka upande jino linakoelekea na kujengeka kule linakotoka. Upasuaji huu huujeruhi mfupa kidogo, nao katika kujiponya hulegea na kujijenga kwa kasi isiyo ya kawaida, hali ambayo Harold Frost wa Marekani aliieleza mwaka 1983, ingawa Heinrich Köle alikwisha kuandika kuhusu kukata mfupa wa taya kwa ajili ya kupanga meno tangu 1959. Siku hizi ipo njia nyepesi zaidi: baada ya sindano ya ganzi, daktari hupitisha ncha nyembamba ya chuma kwenye fizi hadi mfupani, matundu mawili au matatu kati ya mizizi, na kinachoonekana baadaye ni vidoa vya damu ambavyo kipande cha shashi hutosha kuvifuta.

Kasi hiyo hudumu miezi michache tu, kwa kawaida mitatu hadi minne, na katika kipindi hicho vyuma vinapaswa kurekebishwa takribani kila baada ya wiki mbili. Mgonjwa anayetoka Kalya kwa boti, akitobolewa kisha asionekane hadi miezi mitatu ipite, amevumilia maumivu bure. Tafiti nazo hazikubaliani: baadhi zimeona meno yakisogea haraka miezi ya mwanzo, nyingine hazikuona tofauti ya maana katika muda wote wa matibabu, ambao mara nyingi ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Mwenye ugonjwa wa fizi usiotibiwa, kisukari kisichodhibitiwa, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa asitobolewe kabla ya kuchunguzwa kikamilifu. Baada ya upasuaji tunapendelea parasetamoli, kwa sababu diklofenaki, ambayo wengi hujinunulia dukani, hutuliza uvimbe uleule tunaoutegemea.

Kuhusu utaratibu: daktari awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na leseni yake iwe hai, picha ya eksirei ipigwe kwanza, fomu ya ridhaa isainiwe kabla ya ganzi, na kwa mtoto isainiwe na mzazi au mlezi. Nakala ya fomu ni haki yako. Anayetibu bila usajili anatenda kosa chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari na madaktari wa meno, na daktari aliyesajiliwa akikiuka maadili Baraza linaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta katika rejesta. Malalamiko yaandikwe, yakitaja tarehe, kituo na kilichofanyika, yakiambatana na stakabadhi. Tunaomba sana stakabadhi zisitupwe: mwenye kinywa kilichovimba na mikono mitupu tunamtibu, lakini lalamiko lake hukosa pa kushika.