Henry Rollins hakuanzisha Black Flag

Wengi hudhani Henry Rollins ndiye mwanzilishi wa Black Flag, kundi la panki (roki ya kasi na makelele) la California. Sivyo. Lilianzishwa mwaka 1976 na mpiga gitaa Greg Ginn, na Rollins, aliyetoka kundi la S.O.A. la Washington, alikuwa mwimbaji wa nne. Sikiliza "Nervous Breakdown", sahani yao ya nyimbo nne tu: anayefoka pale ni Keith Morris, ambaye aliondoka 1979 akaunda kundi jingine, Circle Jerks. Waimbaji waliomfuata katika Black Flag ni Ron Reyes na Dez Cadena. Rollins alipoingia 1981, Cadena hakufukuzwa, alihamia kwenye gitaa.

Kosa lina chanzo chake. Albamu ya kwanza kamili, "Damaged", ilitoka na sauti ya Rollins, na jaladani yupo peke yake, ngumi kwenye kioo kilichopasuka.