Kodingi ya ukweli ni ipi?

Swali limerudi tena. Mzazi kaja kumchukua mtoto Jumamosi mchana kwenye darasa langu la kodingi hapa Sinza, Dar es Salaam, kasimama nyuma ya kiti, katazama paka anayekimbizana na maembe kwenye skrini, kisha akanivuta pembeni: "Mwalimu, samahani lakini. Hii michezo sawa, ila kodingi ya ukweli ataanza lini? Nasikia kuna sehemu watoto wa darasa la tatu wanasoma Python." Python ni lugha ya kuandika programu za kompyuta kwa maandishi. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu wengine walikuwa wanasubiri. Hapa nitajibu kwa urefu, maana karibu kila mzazi mpya huniuliza hivyo hivyo, na wapo wanaomhamisha mtoto kabla sijamaliza kueleza.

Yule paka na maembe yake ndiyo kodingi ya ukweli, yaani kuipa kompyuta maagizo ya kufuata. Hakuna nyingine iliyofichwa mahali ikimsubiri akue.

Mtoto alitaka paka akigusa embe, ipatikane alama moja. Tunatumia Scratch, programu ambayo maagizo yake ni bloku, vipande vinavyounganishwa kwa kipanya. Alipanga bloku zake vizuri: bendera ya kijani ikibonyezwa, alama ziwe sifuri, kama paka anagusa embe, ongeza alama moja. Ukizisoma kwa sauti huoni kosa. Akabonyeza bendera, embe likaanguka, paka akaligusa, alama zikabaki sifuri. Akabonyeza tena. Sifuri. "Mwalimu, imegoma."

Haikugoma. Ilifanya kila ilichoambiwa. Ile bloku ya "kama" ilisomwa mara moja tu, papo hapo bendera ilipobonyezwa, embe likiwa bado juu kabisa. Jibu likawa hapana, ikapita, programu ikaisha. Embe lilipomfikia paka, hakuna aliyekuwa anaangalia. Mtoto halioni hili kirahisi, kwa sababu maisha yake yote sharti limefanya kazi kwa namna nyingine. Mama akimwambia mvua ikinyesha aanue nguo, hatoki nje mara moja, akaona jua, akahesabu kazi imekwisha. Anakaa na agizo hilo kichwani mchana kutwa. Binadamu hubaki macho bila kuambiwa abaki macho. Kompyuta mpaka iambiwe.

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, na hapa ndipo mzazi anapoona tunapoteza muda. Kipanya sikigusi. Namwita mtoto mwingine asimame mbele, awe kompyuta. Anasoma bloku ya kwanza, anaitekeleza, anashuka kwenye ya pili. Mwingine anashika mpira, huyo ndiye embe. Kompyuta inauliza: "Embe limemgusa paka?" Bado. Inafika bloku ya mwisho, inasema nimemaliza, inaenda kukaa. Ndipo embe linaanza kutembea. Darasa zima linaona, na mara nyingi mwenye programu ndiye wa kwanza kupaza sauti: "Inatakiwa iulize tena na tena!"

Basi anaizungushia bloku ya kurudia daima. Embe linagusa mara moja, alama zinaruka mpaka ishirini na kitu. Anafurahi mno, hadi jirani yake amwambie hiyo si haki. Imekuwaje? Scratch huzunguka kama mara 30 kwa sekunde, na embe lilikuwa bado linapita mwilini mwa paka. Kila ikiulizwa, jibu ni ndiyo, inaongezwa moja. Wapo wanaoweka bloku ya kusubiri sekunde moja. Inasaidia kidogo, kisha embe la pili likija ndani ya sekunde hiyo halihesabiwi. Wapo wanaolirudisha embe juu mara tu linapoguswa. Wapo wachache wanaotengeneza kigeu kipya, yaani kisanduku cha kuhifadhi thamani, cha kukumbuka kama embe hili limeshahesabiwa. Mtoto wa miaka minane akishachagua mojawapo ya njia hizo na kueleza kwa nini ameacha nyingine, halafu mtu mzima akaniambia anacheza tu, nakereka, na siwezi kuficha.

Mpeleke sasa mtoto huyohuyo kwenye Python. Kosa la kwanza atalifanya vilevile: sharti nje ya mzunguko wa kurudia. La pili pia. Juu yake ongeza nukta mbili za mwisho wa mstari, zinazotaka ashikilie Shift wakati bado anatafuta herufi kwa kidole kimoja. Ongeza nafasi za mwanzo wa mstari, ambazo zikipishana programu haiendi. Ongeza ujumbe wa kosa kwa Kiingereza, kwa mtoto wa shule ya Kayumba anayesoma karibu masomo yote kwa Kiswahili. Kipindi kinaisha bado anatafuta nukta, na wazo la kurudia hajaligusa. Lakini kwa kuwa skrini ilijaa maandishi, mzazi anaondoka ameridhika.

Wanaodhani bloku ni kitu cha kuwadekeza watoto waangalie zilikotoka. Mwaka 1967 Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig walitengeneza Logo nchini Marekani, lugha ambayo baadaye watoto waliitumia kumwongoza kobe achore maumbo. Mtoto akitaka pembetatu yenye pande sawa humwambia kobe ageuke nyuzi 60, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, kisha anapata nusu ya umbo la pande sita. Inabidi asimame, aitembee pembetatu sakafuni kwa miguu yake, ndipo agundue kwamba mwili unageuka nyuzi 120. Scratch, iliyotoka chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ni mrithi wa kazi hiyo, na ilikusudiwa watoto wa miaka 8 hadi 16. ScratchJr ilifuata mwaka 2014 kwa wa miaka 5 hadi 7, na hiyo haihitaji hata kujua kusoma. CS50, somo maarufu la utangulizi wa sayansi ya kompyuta la Chuo Kikuu cha Harvard, huanza na Scratch katika wiki yake ya sifuri. Watu wazima, chuo kikuu, paka yuleyule.

Lakini siwezi kuwaahidi wazazi zaidi ya ninachokijua. Watafiti David Weintrop na Uri Wilensky waliwalinganisha wanafunzi wa sekondari Marekani, kundi moja likianza kwa bloku na jingine kwa maandishi. Baada ya wiki 5, wa bloku walikuwa mbele. Wote walipohamia Java, lugha ya maandishi, kwa wiki 10, tofauti ikafutika. Kwangu hilo linasema bloku hazimcheleweshi mwanafunzi, ila halisemi kwamba zinampa faida ya kudumu, na wale hawakuwa watoto wa darasa la tatu. Kuna jingine linalonisumbua zaidi. Watafiti Roy Pea na Midian Kurland waliwapima watoto waliojifunza Logo miaka ya 1980 na hawakukuta kwamba walipanga mambo vizuri kuliko wasiojifunza. Kwa hiyo mkisoma tangazo linalosema kodingi itamfanya mwanao ang'are kwenye hesabu na masomo yote, msinunue mafunzo kwa sababu ya tangazo hilo. Mimi nafundisha kwa sababu kutengeneza kitu kinachokutii kwa akili yako mwenyewe ni jambo kubwa kwa mtoto, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Vifaa: laptopu ya mtumba inatosha. Scratch ina toleo la kusakinisha linalofanya kazi bila bando, na ina Kiswahili ndani yake, badilisheni lugha. Kwenye simu ndogo msijisumbue. ScratchJr inakwenda vizuri kwenye kishikwambi.

Na tafadhali, nyumbani msimnyang'anye kipanya. Najua mnataka kusaidia. Mtoto akisema imegoma, mkono wa baba unafika kabla ya swali, na lile kosa ambalo lingemfundisha linaondoka mikononi mwake. Muulize: ulitaka itokee nini, na nini kimetokea? Kisha nyamaza kwa muda mrefu kuliko unavyoona inafaa.

Kuhusu kuhama, ipo siku. Rundo la bloku likiwa refu hadi anapandisha na kushusha skrini kutafuta alichoweka, na akaanza kulalamika kwamba kuandika kungekuwa haraka, namfungulia Python wiki hiyohiyo. Kuna aliye tayari darasa la tano, kuna anayesubiri hadi kidato cha kwanza, na bado sijapata maelezo ya tofauti hiyo yanayoniridhisha. Umri pekee hautoshi, wala alama za hesabu. Ninachoona ni kwamba wanaozoea kusoma programu ya mwenzao na kutabiri itafanya nini kabla ya kubonyeza bendera huvuka kwa shida ndogo zaidi, kwa hiyo muhula huu kila kipindi tunaanza na zoezi hilo, dakika chache, mikono ikiwa mbali na kipanya.