Eti nani kajifungua? Mambo tunayoambiwa sisi wa uzi na sindano

Kila nikitoa uzi na sindano ya krosheti, ile moja yenye ndoano, mbele za watu lazima atokee mmoja wa kuniuliza nani kajifungua, kana kwamba duniani hakifumwi kitu kingine zaidi ya kofia za vichanga. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo leo nayamwaga yote hapa.

"Hizo kazi za mabibi." Kwanza mabibi wana shida gani? Halafu sio kweli. Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, Tom Daley wa Uingereza, yule wa kupiga mbizi, keshachukua dhahabu yake, akaonekana jukwaani anafuma zake huku wenzie wanashindana, na hiyo medali akaifumia kimfuko isije ikakwaruzika. Na mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliamua kufuma kwa krosheti umbo la kihesabu ambalo wenzie walikuwa wanalibandika kwa vipande vya karatasi, na karatasi zinachanika ovyo. Siri yenyewe ndogo tu: kila baada ya vitanzi kadhaa unaongeza kimoja, basi mstari unazidi kuwa mrefu, unakosa pa kukaa, unaanza kujikunja pembeni kama matumbawe ya baharini. Kaa chini ujaribu, mizunguko kumi tu utaona.

"Siku hizi mashine inafanya kila kitu." Sweta la kawaida sawa, mashine zipo tele. Ila krosheti ya kweli viwandani hamna, zipo mashine zinaitwa za krosheti lakini zinachofuma ni kitu kingine kinachofanana kwa mbali. Yaani kile kiblauzi cha krosheti ulichokiona kinauzwa bei ya kutupa kuna mtu alikaa akakivuta kitanzi kimoja kimoja kwa mkono, sasa we piga hesabu mwenyewe yeye kabakiwa na nini.

"Ukijitengenezea inakuwa rahisi." Ha! Nyuzi nzuri zina bei, na muda wako nao ni hela. Tupite.

"Mi sina kipaji." Hapa ndo nakaa kidogo maana hii imewafukuza wengi. Watu wanadhani anayefuma vizuri hakosei, kumbe anayefuma vizuri ni yule anayefumua bila kulia. Sweta langu la kwanza nilidharau kufuma sampuli, kile kipande cha sentimita 10 kwa 10 cha kupimia mkono wako unabana au unalegeza vitanzi kiasi gani kabla hujaanza, nikasema si kupoteza muda tu. Maelekezo yalitaka vitanzi 20 kwa sentimita 10, mkono wangu mlegevu ukawa unatoa 18. Tofauti ya vitanzi viwili, nani ana habari? Sasa zidisha: vitanzi 200 vilivyotakiwa viwe sentimita 100 kuzunguka kifua vikatoka sentimita 111, nikapata sweta la kuingia mimi na jirani. Nilishika ncha nikavuta, wiki tatu zikarudi kuwa mpira wa uzi ndani ya dakika ishirini, na aisee ile sauti ya kufumuka ina raha yake. Uzi ulikuwa mzima, nikabadilisha sindano nikachukua nyembamba zaidi, nikaanza upya.

Na kabla hujajiita mjinga kwa kushindwa kufuata maelekezo, angalia yameandikwa wapi. Waingereza na Wamarekani wanatumia majina yaleyale kwa mishono tofauti, mshono mfupi Mmarekani anauita "single crochet", uleule Mwingereza anauita "double crochet", wakati "double crochet" ya Mmarekani ni mshono mwingine mrefu zaidi. Mwezi mzima nilikuwa nafuma skafu inayokua kama mgomba na mimi najilaumu. Kama unaanza chukua uzi laini wa rangi ya kung'aa kidogo na sindano ya milimita 5, ule uzi mweusi wenye manyoya achana nao, hata mimi vitanzi vyake sivioni.

"Kosplei ni ya Wajapani na lazima uwe fundi cherehani." Kosplei ni kule kujivalisha kama mhusika wa katuni au filamu. Neno ndo la kwao, limeanza miaka ya 1980. Lakini mwaka 1939 kule New York, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi, Myrtle Douglas na Forrest Ackerman walitokea na mavazi ya watu wa kesho, na aliyeyashona ni huyo Myrtle. Kuhusu ufundi, nusu ya hayo mavazi ya chuma unayoyaona ni sponji ngumu kama ile mikeka ya watoto ya kuunganisha vipande. Unaipasha moto inalainika, unaikunja gotini, ikipoa inabaki na umbo. Kosa la wengi ni kupaka rangi moja kwa moja, sponji inainywa yote, inatakiwa ipakwe kwanza kitu cha kuziba vitundu. Na fungua madirisha uvae barakoa, ule moshi wake sio wa kuvuta. Kwenye kitambaa ndo pa kuogopa kidogo kwasababu ukishakata hakuna kufumua, kwahiyo kata kwanza shuka kuukuu, livae, uone linapobana, ndo uguse kitambaa chenyewe. Na kama ni pamba kifue kabla, kisije kikanywea siku ya kwanza ya kufuliwa.

"Unajua kweli, ungekuwa unauza!" Hii inasemwa kwa upendo, najua. Ila nina blanketi nimelianza miaka mitatu iliyopita, liko mistari arobaini hivi, nikichoka nalisukumia chini ya kitanda, nikilikumbuka naongeza mmoja. Nani atalinunua hilo?