Mili si Maili

Wiki hii nimetumiwa klipu ileile na watu wanne. Kijana mmoja wa kuongoza wageni, ambaye simtaji kwa sababu mama yake ni jirani yangu na halua yake naipenda, ameshika kwadranti yangu ya mbao, kifaa cha kupimia mwinuko wa mtutu wa mzinga, mbele ya wanafunzi waliokuja ziara kutoka bara. Ameweka kidole kwenye alama ya 800 na anatangaza bila kupepesa macho: "Hapa ndipo mpiga mzinga alipokuwa akisoma umbali. Mia nane, yaani maili mia nane."

Maili mia nane! Ukizihesabu kutoka Lamu kwenda kusini, unaipita Moroni na kutumbukia baharini. Mizinga ya zamani ingekuwa inafika huko, Sayyid Said asingejisumbua kupakia askari majahazini kwenda kupigana na watu wa Siyu, kule Pate. Angekaa Unguja na kikombe chake cha kahawa, akawasha utambi, akangoja habari.

Ningecheka yakaisha, lakini kosa hili si la huyu kijana peke yake. Nimelisikia kwa makuruta, kwa walimu wa shule, kwa mzee mwenzangu barazani ambaye amesoma kuliko mimi. Wote wanaamini kwamba kile kipimo cha mwinuko kinamwambia mpigaji risasi itafika wapi. Nimechoka kulijibu kwa mdomo. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Kwanza kifaa chenyewe. Nilichongewa na fundi wa majahazi wa Matondoni, nikakichora alama mwenyewe. Kina mkono mrefu, mkono mfupi, tao la robo duara kati yao, na uzi wenye timazi unaoning'inia kutoka kwenye kona. Mkono mrefu unauingiza mdomoni mwa mtutu, unaulaza kwenye tundu, halafu unasoma uzi umekata tao wapi. Umbo hili lilichapishwa Venice mwaka 1537 na Niccolò Tartaglia, mwanahisabati, si mpiga mizinga. Yeye aligawa robo duara alama 12, kila alama digrii saba na nusu, na alama ya 6 ndiyo digrii 45. Upande wa pili wa tao nimeongeza mili, kwa sababu ndizo nilizofundishwa jeshini: duara zima mili 6,400, robo yake 1,600, nusu ya robo 800. Mili moja ni pembe ndogo, takriban upana wa mita moja ukitazamwa kutoka mita elfu moja. Maili ni jambo lingine. Maneno yote mawili yametoka mbali kwenye neno la Kilatini la elfu, lakini binamu si pacha.

Basi timazi inasema nini? Inasema tundu la mtutu limeinuka kiasi gani kutoka usawa wa maji yaliyotulia. Imemaliza. Haijui umetia baruti kiasi gani, haijui uzito wa tufe, haijui kama adui yuko Manda au yuko Shela. Haijui hata kama kuna adui.

Anayebisha afanye nami hesabu ya darasani, ile isiyo na hewa. Tufe litoke mdomoni kwa mwendo wa mita 300 kwa sekunde. Ukiinua mtutu digrii 5, litaanguka kama mita 1,590 mbele. Ukiinua digrii 6, kama mita 1,900. Digrii moja tu imekupa mita mia tatu na ushei. Sasa panda hadi digrii 45, unapata mita 9,170 hivi. Ongeza digrii moja, uwe 46: umepoteza mita tano au sita, basi. Digrii ileile moja, chini ni mtaa mzima, juu ni upana wa ua wa nyumba. Na ukiendelea kupanda unarudi nyuma, kwa hiyo digrii 20 na digrii 70 zinaangusha tufe mahali pamoja, karibu mita 5,900. Umbali mmoja una pembe mbili. Kipimo kitakuambiaje umbali hapo?

Halafu baruti. Mwendo wa tufe ukipungua asilimia moja, umbali unapungua asilimia mbili hivi, na pale kwenye digrii 45 hizo ni zaidi ya mita 180. Baruti iliyonyonya unyevu wa pwani hii, kwenye pipa lisilofungwa vizuri, itapungua zaidi ya hiyo asilimia moja bila kukuaga. Hewa nayo inakata yote niliyoyataja, na tufe la duara inalionea sana, kiasi kwamba pembe ya kufika mbali kabisa inashuka chini ya 45. Kwa upande mwingine, ule mzinga mrefu ambao Wajerumani walipigia Paris mwaka 1918 kutoka zaidi ya kilomita 100 uliinuliwa kupita 45, ili kombora lisafiri juu kwenye hewa nyepesi. Kwa hiyo na wale wa "45 ndiyo mwisho wa mambo" nao wakae chini.

Hapa nitakuwa mkweli, kwa sababu najua kuna mtu atanitumia picha. Iko mizinga ambayo pipa lake la kuinulia, lile gurudumu la namba linalozunguka mtutu ukiinuliwa, limeandikwa mita kabisa. Ndiyo. Nimeitumia. Lakini pipa lile limechorwa kwa aina moja ya kombora, kipimo kimoja cha baruti, na mtutu mpya. Ni kama mwenye duka aliyefuta kilo kwenye mzani wake akaandika shilingi. Siku ya kwanza utasifu jinsi alivyorahisisha kazi. Bei ya sukari ikipanda, mzani umekuwa mwongo, ingawa sukari haijabadilika uzito. Chini ya zile mita kuna pembe, na pembe ndiyo pekee ambayo chuma kile kinaijua.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa, ambalo hata waliopita chuo cha mizinga wanalikosea. Kuna vipimo viwili tofauti na watu wanaviita kwa jina moja. Kimoja ni mshale na tao lililofungwa kwenye gari la mzinga. Hicho kinasoma pembe kati ya mtutu na gari. Cha pili ni kwadranti, ya timazi au ya pimamaji. Hiyo inasoma pembe kati ya mtutu na dunia. Gari likisimama sawasawa, vinakubaliana, na hapo ndipo uvivu unapozaliwa, maana mtu anaona vimekubaliana mara kumi, ya kumi na moja hatazami tena.

Mwezi uliopita niliwafanyia vijana wa mtaani jaribio. Tulichukua mkokoteni, tukafunga bomba la plastiki juu yake, nikalikaza digrii 20 kutoka kwenye ubao kwa kipimapembe cha shule. Pale barabara ya mbele ya bahari, penye sakafu, nikatia kwadranti mdomoni mwa bomba: 20. Safi. Tukausukuma mpaka mchanga wa Shela, jua la saa saba, hamali mwenye mkokoteni akinitazama kama mtu anayehitaji kusomewa. Magurudumu yakazama, mbele ikainama. Kipimapembe ubaoni: 20, hakijatikisika. Kwadranti: 14.

"Ami, kimoja kimeharibika," kijana mmoja akasema.

Hakuna kilichoharibika. Kipimapembe kinauliza ubao, na ubao umelala. Timazi inauliza ardhi. Kwa hesabu yetu ya mita 300 kwa sekunde, tofauti ya 20 na 14 ni kilomita moja na nusu na ushei. Tufe halina habari na ubao wako. Likishatoka mdomoni linavutwa na dunia tu.

Wakafurahi, wakadhani wamemaliza. Nikawaambia ngojeni, nikazamisha gurudumu moja tu, la kulia. Kwadranti ikabaki karibu palepale, na mimi nikakaa kimya kuona nani atastuka. Hakustuka mtu. Mzinga ukilalia upande, kila unapoinua mtutu unakwenda juu na pia unakwenda ule upande ulioshuka. Gari likilala digrii 5 upande, nawe ukaukaza mtutu digrii 30, mwinuko wa kweli unapungua kidogo mno, kama sehemu ya kumi ya digrii na kitu, lakini mdomo umehama pembeni karibu digrii 3. Kwa shabaha iliyo kilomita tano, hizo ni mita 250. Na kwadranti yako imesema kweli tupu muda wote huo! Haikuulizwa habari ya pembeni, haikujibu. Ndiyo maana unaweka pimamaji ya pili, ya kukingama, na usiniambie gari "linaonekana sawa".

Na mizinga hii ya kale ina mtego wake. Tako lake ni nene, mdomo mwembamba. Ukichungulia juu ya chuma kutoka takoni hadi mdomoni ukadhani umenyoosha, tundu la ndani linatazama juu. Chukua mtutu wa mita 2 ambao tako limeuzidi mdomo sentimita 5 upande wa juu: tayari una digrii moja na nusu hivi ambazo hukuziomba, na tufe litapita juu ya kichwa cha unayemlenga akushangae. Ndiyo maana kwadranti huingizwa tunduni. Hailazwi mgongoni. Yule kijana kwenye klipu ameilaza mgongoni. (Hilo nililiona mara ya tatu kuitazama.)

Wareno walipofika hapa mwaka 1506 na Lamu ikakubali kulipa kodi bila vita, kitabu cha Tartaglia kilikuwa bado miaka 31. Mwinuko ulikuwa wa kabari chini ya tako na jicho la mtu. Kabari ukiisukuma ndani, tako linapanda na mdomo unashuka. Kwa umbali wa karibu inatosha. Usidharau kabari.

Ukienda Mombasa, simama mbele ya Fort Jesus uutazame mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani, wa sentimita 10.5. Meli ile iliizamisha HMS Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye mito ya Rufiji. Julai 1915 Waingereza wakaleta Severn na Mersey, meli za mtoni zenye mizinga ya inchi 6, zikapiga kupitia juu ya mikoko bila kuiona shabaha. Ndege ilikuwa angani ikitazama makombora yanaangukia wapi na kutuma habari kwa redio, nao chini wanasahihisha. Tarehe 6 walishindwa, tarehe 11 wakafaulu. Sasa niambie, kama kipimo cha mwinuko kingekuwa kinaonyesha umbali, ndege ilipelekwa kufanya nini, kupunga upepo? Baadaye Wajerumani waliing'oa mizinga ya Königsberg na kuitembeza nchi kavu juu ya magari. Mzinga uliozaliwa kwenye sitaha ukakalia udongo. Hapo sifuri ya mshale wa zamani ina maana gani tena?

Mambo madogo, haraka. Pimamaji uigeuze kichwa kwa miguu kabla ya kuiamini, kama waashi wanavyofanya. Kiputo kikihama, nusu ya kuhama ni kosa la pimamaji na nusu ni la pale ulipoiweka. Meno ya gurudumu la kuinulia yana mchezo, kwa hiyo maliza kuzungusha upande uleule kila mara, ule mgumu. Ukipitiliza, rudi nyuma kabisa uanze tena. Na futa mchanga kwenye kikalio cha kwadranti. Punje moja ni mili kadhaa.

Ila nikiwa peke yangu huwa najiuliza. Tulifundishwa kugombania mili moja kama watu wanaogombania urithi. Kiputo kisipokuwa katikati kabisa, sajenti anakupigia kelele mpaka masikio yanawaka. Halafu mnapiga raundi sita, pembe ileile, baruti ileile, na hakuna mbili zinazoingia shimo moja. Zinatawanyika kupita ile mili mliyoiumizia shingo. Nimewaweka wasomaji wawili wazuri kwenye kiputo kimoja, kila mmoja akaona katikati yake. Na kuna usiku wa mvua nilitamka "tayari" kiputo kikiwa nje kidogo, kwa sababu mikono ilikuwa imekufa ganzi, na raundi ile ikaanguka vizuri kuliko zote. Sikumwambia mtu. Nadhani ile mili moja tunaidai ili makosa mengine yasipate pa kujificha, lakini siwezi kuapa kwamba si mazoea tu ya jeshi.

Kijana nimemwita. Alikuja na adabu zake, "shikamoo ami," akakaa, akasikiliza yote niliyoyaandika hapa pamoja na ya mkokoteni. Nikaona dawa ni kufuta zile mili kabisa zisimchanganye, na digrii nazo niliziogopa, asije akawaambia watu ni za chuo kikuu. Nikaandika kwa rangi nyekundu, Kiswahili safi: NYUZI 45.

Jana nimetumiwa klipu mpya. Ameshika kwadranti, safari hii ameitia tunduni barabara, nikafurahi. Halafu akaugusa uzi wa timazi, akawaambia wageni kwamba hapo zamani zilikuwa nyuzi arobaini na tano, lakini kwa ajili ya ukale umebaki huu mmoja.